Mlima Ulio Nyuma ya Shamba Lako

Bwana mkulima wa Kinangop, mlima wa Nyandarua huuona kila asubuhi ukienda kukama ng'ombe. Je, umepata kuingia humo? Wengi hudhani Mbuga ya Aberdare, iliyofanywa mwaka 1950, ni ya wageni tu. Sivyo. Raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni; chukua kitambulisho chako.

Pitieni lango la Mutubio, lakini si wakati wa mvua, kwani barabara huwa tope tupu. Vaeni makoti, maana huko juu ni baridi hata mchana. Wapelekeni watoto wakaone maporomoko ya Karuru, ambayo maji yake huanguka mita 273 kwa ngazi tatu. Mkikuta ndovu au nyati, msishuke garini.

Ndovu hao ndio waliokuwa wakishuka usiku kula viazi na mahindi yetu. Ua wa umeme, wa kilomita 400 hivi, ulianzwa mwaka 1989 ukamalizika 2009. Nyasi zikigusa waya, nguvu ya umeme hupungua. Ukiona mti umeuangukia, usiuguse. Mwambie mlinzi wa ua siku hiyo hiyo, kabla ya usiku kuingia.