Kabla ya Kukubali Sindano ya Neva za Shingo

Sindano ya kuzuia neva haiponyi shingo, ingawa wapo wanaoinadi kwa maneno hayo. Daktari huingiza dawa ya ganzi, kama vile lidokaini au bupivakaini, karibu na neva ndogo zinazohudumia viungio vya nyuma vya pingili za shingo. Neva ikifa ganzi, maumivu hukatika kwa saa chache. Kukatika huko ndiko kunakotafutwa, kwa sababu humwonyesha daktari kiungio kinachouma. Mgonjwa anayelalamika kwamba sindano "imeshindwa" kwa kuwa maumivu yalirejea usiku uleule huenda amepata jibu sahihi kabisa, ila hakuelezwa. Ni vema aandike saa baada ya saa jinsi shingo inavyojisikia, na ampelekee daktari karatasi hiyo.

Jibu likithibitishwa kwa sindano ya pili, daktari anaweza kupendekeza kuiunguza neva kwa joto la mawimbi ya redio. Nafuu yake huweza kudumu miezi kadhaa. Baadaye neva huota tena. Kwa hiyo uliza mapema: bei uliyotajiwa ni ya sindano moja au ya safari nzima?

Sindano ya steroidi inayodungwa kandokando ya uti wa mgongo ni jambo jingine, nalo lina hatari zake. Mwezi Aprili 2014, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kwamba, japo ni nadra, imewahi kuleta upofu, kiharusi, kupooza na hata kifo. Mwaka 2012, nchini humo humo, steroidi iliyochafuliwa na kuvu iliua zaidi ya watu 60. Una haki ya kuuliza jina la dawa iliyomo katika bomba, ilikotengenezwa, na iwapo sindano itaongozwa kwa picha ya eksirei au ultrasaundi.

Mweleze daktari ikiwa una kisukari, maana steroidi hupandisha sukari, au ikiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe.

Baada ya sindano, usiendeshe gari siku hiyo. Mkono au mguu ukilegea, macho yakififia, pumzi ikibana, au ukipata homa pamoja na kichwa kuuma sana, nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku.