Msumeno mbovu wa msikiti na dhamana ya walioununua

Mwembe ulio nyuma ya madrasa yetu, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Muheza, hakuna mzee aliye hai aliyeuona ukiwa mche. Masika yaliyopita tawi lake moja, nene kama pipa, lilipasuka kwenye panda likabaki likining'inia juu ya paa la darasa la watoto wadogo. Watoto wakahamishiwa barazani mwa msikiti, na kamati ikaketi usiku uleule. Mpasuaji mbao tuliyemwita, mwenye mashine yake, alitaja ujira ambao mfuko wa msikiti usingeweza kuubeba bila ya kuahirisha bati za mahali pa kutawadhia akina mama. Hapo ndipo lilipozuka wazo la kununua msumeno wa mnyororo uliokwishatumika, tuukarabati wenyewe pamoja na vijana wa darasa la juu, kisha ubakie mali ya msikiti.

Hakuna hata mmoja miongoni mwetu aliyewahi kufungua mashine ya namna hiyo. Tunayaeleza haya kwa sababu familia nyingi za Kiislamu hununua vitu vya mitumba, kuanzia majokofu hadi pikipiki, na yaliyotukuta yanaweza kumkuta yeyote.

Tulitumwa watu watatu mjini Tanga. Muuzaji alitupokea kwa ukarimu, akauweka msumeno chini, akaukanyaga mshikio wa nyuma na kuivuta kamba ya kuwashia. Kamba ilikuwa nzito. Akasema, "Mashekhe, mnaona kifua kilivyo? Huu umelala tu, ni wa kusafisha kabureta." Nasi tulikuwa tumesikia kwamba kamba nzito ni dalili ya mgandamizo mzuri ndani ya silinda, jambo ambalo ni kweli. Tukalipa shilingi 250,000 na kurudi nyumbani tukiwa na furaha.

Siku ya pili, baada ya Alasiri, tulitandika mkeka mkuukuu barazani, tukaweka bisibisi, spana na kopo za kutilia skrubu, kila kopo na sehemu yake. Injini ya msumeno ni ya mapigo mawili. Haina hodhi la oili kama gari; oili yake huja ndani ya petroli, kwa kawaida mililita 20 za oili nzuri ya mapigo mawili kwa kila lita moja. Mtu akitia petroli tupu, au hewa ikizidi mafuta, pistoni hukosa kilainishi, hupata moto na kukwaruzana na ukuta wa silinda. Kwa hiyo fundi mwenye akili haanzi na kabureta. Huondoa ekzosi kwanza, na tundu la kutolea moshi likishakuwa wazi huichungulia pistoni kwa tochi.

Tulipochungulia tuliona michirizi mirefu ubavuni mwa pistoni, kama ukuta uliokwanguliwa kwa msumari. Tena oili nzito ikatiririka kutoka tundu lile ikadondoka mkekani. Fundi wa pikipiki aliyekuwa amekuja kuswali alicheka kwa masikitiko. Akatueleza kwamba oili nzito ikimiminwa ndani ya silinda iliyochakaa huziba upenyo wa ringi kwa muda, na kamba huwa nzito kama ya mashine mpya. Kifua tulichoonyeshwa kilikuwa ni oili.

Waliosoma fiqhi watakumbuka mara moja mlango wa mnyama asiyekamuliwa kwa siku kadhaa ili kiwele chake kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Mtume (s.a.w) alikataza hadaa hiyo, na mnunuzi akapewa hiari ya kumrejesha mnyama. Sisi tulipoisoma mas'ala hiyo chuoni tuliiona kuwa ni habari ya wafugaji wa zamani. Kumbe kiwele kinaweza kuwa cha chuma.

Tulimpigia simu muuzaji jioni ileile. Alijibu kwamba kitu kilichotumika hakina dhamana na kwamba tuliuona kwa macho yetu. Katika madhehebu yetu ya Shafii kauli hiyo haimwokoi mwenye kuijua aibu ya bidhaa yake akaificha. Tulimweleza hivyo kwa upole, akasema atatupigia. Hakupiga, na tangu siku ile simu yake haipatikani.

Ukabaki upande wetu. Imamu alitusikiliza watatu tuliotumwa mpaka tukamaliza malalamiko yetu, kisha akauliza jambo moja tu: "Ile ekzosi ina skrubu ngapi?" Tukajibu kuwa ni mbili. "Mliifungua kabla ya kulipa?" Hatukuwa na la kusema. Aliyekabidhiwa mali ya waqfu hadhamini hasara isipokuwa amefanya taksiri, na kwenda sokoni kununua mashine bila fundi, huku fundi yupo safu ya pili kila Magharibi, ni taksiri. Imamu hakutamka hukumu. Tulikubaliana wenyewe kwamba gharama za vipuri zitatoka mifukoni mwetu. Ilikuwa shilingi 85,000, na kwa mmoja wetu maana yake ilikuwa ni kuahirisha sare ya shule ya mwanawe. Mke wake alinyamaza siku mbili.

Kazi yenyewe, tukisema kweli, ilikuwa tamu. Silinda ilishikwa kwa bolti nne tu. Ndani yake alumini ya pistoni ya zamani ilikuwa imejipaka ukutani. Tuliiondoa kwa msasa laini, taratibu, na tabaka gumu la silinda likaonekana zima, ukucha ukipita bila kukwama. Hivyo tukahitaji pistoni na ringi zake tu, bila silinda mpya. Pistoni ina mshale kichwani, nao huelekezwa upande wa ekzosi. Ncha za ringi zinakutana penye kijipini kidogo ndani ya mfereji wake, na zisipokaa hapo zitavunjika mara tu injini iwakapo. Viko pia vipete viwili vya waya vinavyoizuia pini ya pistoni isitoke. Kimoja kiliruka tukakitafuta hadi adhana ya Magharibi, na aliyekiona ni mtoto wa miaka saba, chini ya kasha la misahafu. Lau tungeziba mdomo wa krenki kwa kitambaa na kukifunika kipete kwa kiganja tungeokoa saa nzima.

Kijana mmoja mwenye nguvu alitaka kuifungua kluchi kama afunguavyo nati nyingine, na kadiri alivyosukuma ndivyo ilivyozidi kukaza. Hesi za kluchi zimegeuzwa. Hufunguka kwa kuzungushwa upande ambao nati za kawaida hukaza. Tukaingiza kipande cha kamba kupitia tundu la plagi ili pistoni isimame, tukageuza upande wa pili, ikalegea.

Siku ya nne uliwaka. Takbira zilisikika hadi barabarani. Lakini baada ya dakika chache, bila mtu kugusa kichapuzi, mlio ulianza kupanda wenyewe, ukawa mwembamba na mkali. Wengi walifurahi wakidhani ni nguvu. Fundi wa pikipiki alikimbia akauzima, akatuuliza: "Mmeijua iliyoiua pistoni ya kwanza?" Hatukujua, kwa kuwa hatukuuliza. Tulibadilisha maiti bila ya kutafuta ugonjwa.

Alikata vipande vya mpira wa tairi la baiskeli, akaziba mlango wa kabureta na wa ekzosi, akapuliza hewa kidogo sana kwa pampu kupitia tundu la plagi, na kupaka povu la sabuni kila mahali. Nyuma ya flaiwili mapovu yakachomoza. Sili ya krenki ilikuwa imekauka na kupasuka. Kutoka hapo hewa ilikuwa ikiingia bila kupita kwenye kabureta, petroli ikapungua kwa kulinganisha, na kwa kuwa oili husafiri ndani ya petroli, nayo ikapungua. Pistoni mpya ingekufa ndani ya juma moja kwa maradhi yaleyale. Sili ilikuwa ndicho kipuri rahisi kuliko vyote tulivyonunua.

Ukabaki mnyororo. Meno yake hunolewa kwa tupa ya duara, pembe ya nyuzi 30, kutoka ndani kwenda nje, idadi sawa ya misuguo kwa kila jino. Yakitofautiana msumeno hukata kombo. Vijana walipenda kusikia asili ya meno hayo. Mwaka 1946 mkata miti wa Oregon, Marekani, aitwaye Joseph Cox, alimtazama buu wa mbawakawa akitafuna gogo kulia na kushoto kwa taya zake, akaiga umbo la taya hizo. Minyororo ya kabla yake ilikwaruza tu mbao mithili ya msumeno wa mkono, na mingi ya leo ingali inafuata umbo la buu yule. Mwalimu wa tafsiri aliichukua habari hiyo ikawa darsa yake ya Jumapili, nasi hatukumlaumu.

Akina mama ndio walioweka sharti ambalo sisi hatukulifikiria. Hakuna mwenye umri chini ya miaka 18 atakayeushika ukiwa unawaka, na hakuna atakayeushika pasipo viatu vigumu, miwani na breki ya mnyororo iliyojaribiwa asubuhi ile. Ncha ya msumeno ikigusa mti kwa juu humrukia mshikaji usoni kabla hajapepesa jicho. Kwa sababu hiyo lile tawi la mwembe hatukulikata wenyewe. Tawi linaloning'inia lina mkazo ndani yake na si kazi ya wanafunzi. Baada ya kibali cha serikali ya kijiji tulimwita tena mpasuaji yule wa mwanzo. Alitumia msumeno wetu na mafuta yetu, akapokea chini ya nusu ya ujira aliokuwa ametaja. Vijana walijikatia magogo yakiwa yamelala chini.

Mbao zimeanikwa kivulini zikisubiri dawa ya wadudu, maana mwembe haukawii kuliwa, na in shaa Allah zitakuwa viti vya darasa lilelile. Hesabu yote imebandikwa mlangoni mwa msikiti, pamoja na zile 85,000 na sababu yake. Msikiti wa jirani wameomba kuuazima msumeno, wengine wanashauri ukodishwe kwa manufaa ya waqfu. Kamati itaketi Alhamisi baada ya Isha kulitazama hilo, na fundi wa pikipiki amealikwa.