Seva ya Muziki katika Kifaa Kikuukuu cha Hifadhi: Mgawanyo wa Kazi na Uhai wa Teknolojia

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi programu ya seva ya muziki inavyoweza kuendeshwa katika kifaa cha zamani cha hifadhi ya mtandao wa nyumbani. Mfano unaotumika ni programu ya SlimServer, inayojulikana leo kwa jina la Lyrion Music Server, pamoja na kifaa cha Linksys NSLU2. Hoja kuu ni kwamba uwezo wa kifaa kikuukuu hauamuliwi na umri wake pekee, bali na mahali kazi nzito inapofanyiwa. Na kwamba leseni huria ndiyo iliyoiwezesha programu hiyo kuishi baada ya mtengenezaji kujiondoa.

1.0 Utangulizi

Kifaa cha hifadhi ya mtandao ni kompyuta ndogo isiyo na skrini wala kibodi, ambayo kazi yake ni kuziwezesha kompyuta nyingine za nyumba au ofisi moja kuzifikia faili zilizomo katika diski. Kwa kuwa huwashwa usiku na mchana na hutumia umeme kidogo, kilionekana mapema kuwa mahali panapofaa kuweka seva ya muziki, yaani programu inayotunza orodha ya nyimbo na kuzipeleka kwa vicheza-muziki vilivyomo vyumbani. Kampuni ya Slim Devices ya Marekani ilitoa kicheza-muziki cha SLIMP3 mwaka 2001, kisha Squeezebox mwaka 2003. Programu ya seva yake, iliyoandikwa kwa lugha ya Perl, ilitolewa chini ya leseni huria ya GPL.

2.0 Kazi Nyepesi na Kazi Nzito

NSLU2 iliingia sokoni mwaka 2004 ikiwa na kumbukumbu ya megabaiti 32 tu. Prosesa yake ilikuwa ya megahezi 266, ingawa katika vifaa vya mwanzo ilipunguzwa kasi hadi 133. Diski ziliunganishwa kwa njia ya USB. Watumiaji waliuondoa mfumo wa kiwandani, wakaweka matoleo mengine ya Linux, kisha wakasimika seva ya muziki.

Kupeleka sauti ni kazi nyepesi. Sauti ya CD ina sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16, katika njia mbili. Jumla ni takriban kilobiti 1,411 kwa sekunde. Kiasi hicho hakifiki asilimia 2 ya uwezo wa mtandao wa megabiti 100.

Uzito unatokana na kazi tatu nyingine. Ya kwanza ni kuandaa faharasa: programu husoma taarifa za kila wimbo na kuziandika katika hifadhidata. Kumbukumbu ikijaa, mfumo huazima nafasi katika diski, ambayo ni ya polepole mno, na kazi ya dakika hugeuka ya saa nyingi. Ya pili ni kubadili umbizo. SLIMP3 ilielewa MP3 tu. Hivyo faili ya FLAC ililazimika kufunguliwa na kubanwa upya ndani ya seva. Programu za kubana MP3 kwa kawaida hutumia hesabu za desimali, ilhali prosesa ya NSLU2 haina sehemu maalumu ya hesabu hizo. Ya tatu ni kupunguza ukubwa wa picha za majalada.

Mwaka 2005 kilitoka kicheza-muziki cha Squeezebox2, kilichoweza kufungua FLAC chenyewe. Seva ikabaki na jukumu la kupitisha faili jinsi ilivyo. Kifaa kilekile kilichoshindwa kumhudumia msikilizaji mmoja sasa kiliweza kazi hiyo, bila kuongezewa kumbukumbu wala kasi. Kilichobadilika ni mgawanyo wa kazi.

Kutokana na hali hiyo, hatua zinazofaa ni kusahihisha taarifa za nyimbo na kupunguza picha katika kompyuta yenye nguvu kabla ya kunakili faili, kuandaa faharasa usiku, na kutumia maumbizo ambayo kicheza-muziki hufungua chenyewe.

3.0 Leseni na Uhai wa Programu

Kampuni ya Logitech iliinunua Slim Devices mwaka 2006, ikasitisha bidhaa za Squeezebox mwaka 2012, na mwaka 2024 huduma ya intaneti ya MySqueezebox.com ikafungwa. Waliokuwa na seva nyumbani waliendelea kusikiliza mikusanyo yao, kwa sababu programu ilikuwa mikononi mwao na msimbo chanzo wake uliendelea kuboreshwa na wanajumuiya.

Hata hivyo, leseni huria haiondoi kila kikwazo. Baadhi ya sehemu za programu hiyo hutegemea moduli zinazotayarishwa mahususi kwa kila aina ya prosesa. Vifaa vya mwanzo vya ReadyNAS, kwa mfano, vilitumia prosesa ya familia ya Sparc, isiyo ya kawaida katika vifaa vya nyumbani. Pasipo mtu wa kutayarisha moduli hizo, kifaa hubaki na toleo la zamani. Aidha, mfumo usiopata marekebisho ya usalama haupaswi kufikiwa kutoka nje ya mtandao wa ndani.

4.0 Athari kwa Sera

Suala hili linazihusu pia taasisi za Afrika Mashariki zinazohifadhi kidijitali kanda za masimulizi, mahojiano na taarabu, hasa pale zinapopokea vifaa vilivyokwishatumika. Kabla ya kukubali kifaa, inafaa yathibitishwe mambo manne: kwamba sauti itahifadhiwa katika umbizo huria, kwamba huduma itaendelea hata intaneti au akaunti ya kampuni ikikoma, kwamba programu inapatikana kwa prosesa husika, na kwamba nakala ya pili itawekwa mahali pengine. Sharti la mwisho halina mbadala: seva husambaza sauti, lakini diski moja iliyochakaa si nyaraka za taifa.

5.0 Hitimisho

Mfano wa NSLU2 unaonyesha kwamba kifaa dhaifu hutosha kinapopewa kazi inayokifaa. Uamuzi wa kukitumia au kukiacha hauna budi kuanza kwa kuorodhesha kazi zenyewe, nani atakayezifanya, na nani ana haki ya kuirekebisha programu siku mtengenezaji atakapoondoka.