Mzigo Mzito Mpe Nani? Uchukuzi, Wakulima na Vita vya Msituni kutoka Vietnam hadi Ruvuma

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna wapiganaji wa msituni wa kikomunisti wa Vietnam walivyoendesha vita, kisha yanapima maelezo hayo kwa mifano miwili iliyotegemea ardhi ya Tanzania: vita vya mashariki mwa Kongo mwaka 1965 na vita vya ukombozi wa Msumbiji vya 1964 hadi 1974. Hoja kuu ni kwamba vita vya msituni huamuliwa na uchukuzi kabla ya kuamuliwa na silaha. Anayebeba mzigo, na sababu inayomfanya aubebe, ndivyo vinavyoonesha iwapo wapiganaji wana umma nyuma yao. Kielelezo cha uchambuzi kinatokana na historia ya upagazi katika Unyamwezi na Usukuma.

1.0 Utangulizi

Maelezo mengi kuhusu vita vya Vietnam hujikita katika mambo yanayovutia macho: mitego ya mianzi, mashambulizi ya ghafla ya usiku, na mahandaki ya Cu Chi ambayo urefu wake ulizidi kilomita 200. Mbinu hizo zilikuwepo, lakini peke yake hazielezi ushindi. Makundi mengi duniani yamewahi kumvizia adui na kutoweka porini, kisha yakasambaratika. Swali la msingi ni nani aliyewalisha wapiganaji, nani aliyewafikishia risasi, na kwa nini alikubali kufanya hivyo.

Katika lugha ya Kiswahili swali hilo lina methali yake: Mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Methali hiyo husifu nguvu na ustahimilivu wa mchukuzi, lakini hunyamazia masharti ya kazi yake. Haisemi kama mchukuzi amelipwa, amelazimishwa, au anabeba kilicho chake. Makala haya yanaanzia katika ukimya huo.

2.0 Aina Tatu za Mzigo

Katika karne ya 19, Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa uti wa mgongo wa misafara iliyounganisha Bagamoyo, Tabora na nchi za maziwa makuu. Njia za kuelekea Ziwa Victoria zilipita katika nchi za Wasumbwa na Wazinza, yaani sehemu za Kahama na Geita ya leo. Mpagazi alibeba takriban kilo 30, alipatana ujira wake, na aliweza kugoma au kuutua mzigo njiani endapo mapatano yalivunjwa. Huu ni mzigo wa ujira.

Vita Kuu ya Kwanza vilileta aina ya pili. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Ujerumani, husifiwa kwa kuwakwepa Waingereza na washirika wao hadi aliposalimu amri huko Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Hata hivyo, vita vyake vya kuhamahama havikuwa na umma nyuma yake. Pande zote mbili zilikamata watu kwa ajili ya upagazi na kuchukua nafaka na mifugo vijijini. Wachukuzi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa. Ugogo ilikumbwa na njaa inayokumbukwa kwa jina la Mtunya, na jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wachukuzi cha Waingereza. Huu ni mzigo wa shuruti.

Aina ya tatu, ambayo makala haya yanaiita mzigo wa ubia, ni pale mchukuzi anapobeba kwa kuamini kwamba kitakachopatikana ni chake pia. Mgawanyo huu haudai kwamba aina moja huondoa nyingine. Katika vita vingi zote tatu hukutana, na kazi ya mtafiti ni kubaini ipi ilitawala, na kwa muda gani.

3.0 Vietnam: Mkulima kama Barabara

Tarehe 22 Desemba 1944, Vo Nguyen Giap aliunda kikosi cha watu 34 tu. Kiliitwa kikosi cha uenezi chenye silaha, jina linaloonesha kwamba siasa ilitangulia bunduki. Baadaye muundo wa kijeshi ulikuwa na ngazi tatu: wapiganaji wa kijiji, vikosi vya mkoa, na jeshi kuu. Mpiganaji wa kijiji alilima mchana. Usiku alichimba mahandaki, alificha mpunga na kuwaongoza wenzake katika njia alizozijua tangu utotoni. Jeshi kuu lilipigana pale tu ngazi za chini zilipokwisha kuandaa chakula, habari na maficho.

Mapigano ya Dien Bien Phu, kuanzia tarehe 13 Machi hadi 7 Mei 1954, yanathibitisha jambo hilo. Makamanda wa Ufaransa waliamini kwamba mizinga mikubwa haiwezi kufikishwa katika milima ile. Ilifikishwa. Kwa hesabu za Vietnam yenyewe, zaidi ya raia 200,000 walishiriki katika uchukuzi, wengine wakisukuma baiskeli zilizoimarishwa kubeba kilo 200 au zaidi. Mwaka uliotangulia, chama kilikuwa kimeanza kupunguza kodi za mashamba na kugawa ardhi. Kwa hiyo mkulima aliyesukuma baiskeli alikuwa na shamba la kulinda. Hata hivyo, ubia huo haukuwa safi. Kazi ya uchukuzi ilikuwa wajibu uliopangwa kwa zamu, na mageuzi ya ardhi yaliambatana na mauaji na hukumu za uonevu ambazo chama kilikiri mwaka 1956.

Kusini mwa nchi, Chama cha Taifa cha Ukombozi kilichoundwa mwaka 1960, ambacho wapinzani wake walikiita Viet Cong, kiligawa ardhi na kukusanya kodi ya mpunga, lakini pia kiliwaua maofisa wa serikali vijijini. Serikali ya Saigon na Marekani zilitambua mahali penye nguvu ya adui. Kuanzia mwaka 1962 ziliwahamishia wakulima katika vijiji vilivyozungushiwa uzio ili kumtenga mpiganaji na mlishaji wake. Kuwang'oa watu katika mashamba na makaburi ya wazee wao kuliongeza chuki, na mpango huo ukaporomoka mwishoni mwa 1963. Uchukuzi kutoka kaskazini, ulioanza kupangwa mwaka 1959 kupitia misitu ya Laos, uliendelea licha ya mabomu. Baada ya hasara kubwa ya mashambulizi ya Tet mwaka 1968, jeshi la kaskazini lilibeba sehemu kubwa zaidi ya vita, na Saigon ilitekwa tarehe 30 Aprili 1975 na jeshi la kawaida lenye vifaru. Vita vya msituni viliandaa ushindi huo. Havikuukamilisha peke yake.

4.0 Kongo, 1965: Mzigo Uliokataliwa

Mwezi Aprili 1965, Ernesto Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma akiwa na Wakuba wa kwanza kati ya zaidi ya 100 waliojiunga na waasi wa Kongo. Kituo cha nyuma kilikuwepo, silaha zilikuwepo, na Tanzania iliruhusu zipite. Kilichokosekana ni ubia. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa miaka mingi baada ya kifo chake, Guevara alieleza kwamba wapiganaji walikataa kubeba mizigo kwa kuiona kazi isiyowastahili, huku wakulima wakichukuliwa kama watumishi wa kuwabebea chakula. Viongozi wakuu walikaa mbali na uwanja wa mapambano. Shambulio la Front de Force mwezi Juni lilishindwa, na tarehe 21 Novemba Wakuba waliondoka, baada ya Tanzania nayo kuwataka kusitisha msaada. Guevara ndiye aliyeuhimiza ulimwengu mwaka 1967 kuunda Vietnam nyingi. Ilhali Kongo ilikwisha kuonesha kwamba Vietnam haisafirishwi kwa mashua pamoja na bunduki.

5.0 Msumbiji: Njia Moja, Mizigo Miwili

FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 na ilianza vita tarehe 25 Septemba 1964 huko Chai, Cabo Delgado. Wapiganaji wake walipata mafunzo Kongwa, na baadaye Nachingwea. Tofauti na Kongo, njia zilizovuka Mto Ruvuma zilibeba mizigo miwili. Silaha ziliingia, korosho, karanga na ufuta wa wakulima vilitoka kwenda kuuzwa Tanzania, na nguo, chumvi na sabuni zikarudi. Wanawake walibeba sehemu kubwa ya shehena, na kuanzia mwaka 1967 baadhi yao walipata mafunzo ya kijeshi katika Kikosi cha Wanawake.

Ubia huo ulijaribiwa kutoka ndani. Lázaro Kavandame, kiongozi wa Cabo Delgado aliyesimamia biashara hiyo, alishutumiwa kwa kujinufaisha kwa jasho la wakulima. Mwaka 1969 alijisalimisha kwa Wareno. Mgogoro huo haukuwa wa vyeo tu, bali wa nani anafaidi kinachobebwa. Mwaka 1970, Jenerali Kaúlza de Arriaga alianzisha operesheni kubwa dhidi ya ngome za kaskazini, na Wareno wakaendelea kuwakusanya wakulima katika vijiji vya ulinzi vilivyofanana na vile vya Vietnam Kusini. Ngome zilitekwa, lakini vita vilihamia na kupanuka katika jimbo la Tete. Mapinduzi ya Ureno ya tarehe 25 Aprili 1974 yalifungua njia ya Mkataba wa Lusaka wa tarehe 7 Septemba mwaka huo.

6.0 Hitimisho

Mifano hii inaonesha kwamba kituo cha nyuma katika nchi jirani ni sharti muhimu, lakini hakitoshi. Kigoma na Nachingwea zote zilikuwa Tanzania. Matokeo yalitofautiana kwa sababu ya uhusiano wa wapiganaji na wakulima ng'ambo ya mpaka. Aidha, ubia si mali ya kudumu. Baada ya uhuru, serikali ya FRELIMO iliwahamishia wakulima wengi katika vijiji vya pamoja, mara nyingine kwa nguvu, na katika vita vya 1977 hadi 1992 RENAMO iliwakamata raia na kuwabebesha mizigo. Katika nchi ileile, ndani ya kizazi kimoja, mzigo wa ubia uligeuka tena kuwa wa shuruti.

Kwa hiyo, historia ya vita vya msituni inayoandikwa kwa majina ya makamanda na idadi ya bunduki huacha nje ushahidi wake muhimu zaidi. Ushahidi huo uko kwa waliobeba, ambao wengi wao hawakuandikwa popote na waliosalia wanazidi kupungua. Methali imehifadhi uzito wa mzigo. Ni juu ya utafiti kuhifadhi masharti yake.