Baada ya Matanga Kuanuliwa: Nyumbani kwa Ummu Salama (r.a.)

Nyumba iliyofiwa haiujui upweke wake siku ya kwanza. Siku hiyo watu wamejaa hadi uani, majamvi yametandikwa, wanawake wako ndani na wanaume wako nje, na kila aingiaye hutoa mkono wa pole na kutia ubani wake. Upweke huja baadaye, matanga yakishaanuliwa, masufuria ya kuazima yakisharudishwa kwa wenyewe, mjane akabaki na watoto wake na kanzu ya marehemu iliyotundikwa nyuma ya mlango. Hapo ndipo imani ya mtu hutiwa mizanini, na hapo ndipo wengi wetu huwa tumekwisha kurejea makwetu.

Tumekwisha kuandika mara nyingi katika kurasa hizi juu ya subira, na waliofiwa wameisikia nasaha hiyo hadi imewachosha. Huambiwa wajikaze, wanyamaze, wasioneshe udhaifu wa imani. Wiki hii tumeona tuiweke nasaha kando kidogo, tumsikilize mwanamke mmoja ambaye msiba wake umehifadhiwa kwa undani usio wa kawaida, kwa sababu mwenyewe ndiye aliyeusimulia. Naye ni Hind bint Abi Umayya wa ukoo wa Makhzum, tunayemjua kwa jina la Ummu Salama, Mama wa Waumini (r.a.).

Kabla hajafiwa alikwisha kuonja kupoteza. Yeye na mumewe, Abu Salama, walikuwa miongoni mwa Waislamu waliohamia Habash kuikimbia dhulma ya Makureshi. Waliporudi Makka na kuazimia kuhamia Madina, jamaa zake mwanamke wakamzuia asiende na mumewe. Jamaa wa mume nao, kwa hasira, wakadai kuwa mtoto Salama ni wa kwao, pande mbili zikamvutana hadi mkono wake ukateguka. Siku moja, familia ya watu watatu ikawa vipande vitatu: baba njiani kuelekea Madina, mtoto kwa watu wa baba yake, mama kwa watu wake. Ummu Salama amesimulia kwamba kwa muda wa mwaka mmoja au karibu yake alikuwa akitoka kila siku kwenda mahali paitwapo Abtah, akakaa akilia hadi jioni, mpaka mmoja wa jamaa zake alipomwonea huruma. Aliporudishiwa mtoto alipanda ngamia peke yake kuifuata Madina, na aliyemsindikiza kwa heshima tangu Tan'im hadi Quba alikuwa Uthman bin Talha, ambaye wakati huo hakuwa Mwislamu.

Tumeyataja machozi yale ya Abtah kwa makusudi. Mwanamke huyu aliacha nchi yake mara mbili kwa ajili ya dini, na hakuna aliyewahi kuutilia shaka Uislamu wake kwa kuwa alilia mwaka mzima.

Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Abu Salama alijeruhiwa. Jeraha lilionekana kupona, hata akaongoza kikosi kwa amri ya Mtume (s.a.w.), lakini aliporejea likafumuka, naye akafariki mwaka wa 4. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Ummu Salama mwenyewe namna Mtume (s.a.w.) alivyoingia akamkuta macho ya maiti yako wazi, akayafumba kwa mkono wake, na kueleza kwamba roho inapotolewa, jicho huifuata. Watu wa nyumbani wakapaza sauti. Mtume (s.a.w.) akawaelekeza wasijiombee ila kheri, kwani Malaika huitikia amina kwa wanayoyasema, kisha akamwombea marehemu msamaha, daraja, nuru ndani ya kaburi lake, na badala njema kwa aliowaacha nyuma. Katika nyumba iliyojaa kilio, hakutoa hotuba juu ya kilio. Aliwaelekeza waliofiwa maneno gani wayaweke midomoni mwao, akayatamka mbele yao.

Ummu Salama anakiri kwamba alikuwa amejiandaa kwa jambo kubwa. Aliona kuwa mumewe amekufa ugenini, katika nchi isiyo yake, na akaazimia kumlilia kilio kitakachozungumzwa. Mwanamke mmoja akawa njiani kutoka vitongoji vya juu vya Madina kuja kumsaidia, kama ilivyokuwa desturi. Mtume (s.a.w.) akakutana naye, akamwuliza kama anataka kumrudisha shetani katika nyumba ambayo Mwenyezi Mungu amekwisha kumtoa. Ummu Salama akaacha.

Kilichoachwa hapo ni niaha, yaani kilio cha kupangwa, cha mayowe na kuhesabu sifa za maiti, cha kupasua nguo na kujipiga mashavu. Machozi hayakuachwa, kwani Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim, na alipoulizwa na Swahaba aliyestaajabu alieleza kuwa ni rehema. Basi wale majirani wanaomfuata mjane hadi chumbani kumwamuru afute machozi, tunaomba watuoneshe wameyatoa wapi.

Sasa tufike kwenye lile linaloigusa zaidi nyumba iliyofiwa. Ummu Salama alikuwa amesikia kwamba Mwislamu apatwapo na msiba, akasema kauli ya kurejea kwa Mwenyezi Mungu, kisha akaomba alipwe katika msiba wake na apewe badala iliyo bora, Mwenyezi Mungu humpa. Alipofariki Abu Salama akayakumbuka maneno hayo. Akayaanza, na alipofika kwenye kuomba kilicho bora, moyo wake ukakataa. Akajiuliza ni Mwislamu gani aliye bora kuliko Abu Salama, mtu ambaye nyumba yake ilikuwa miongoni mwa za kwanza kumhamia Mtume wa Mwenyezi Mungu. Kisha akayasema.

Tunawaomba wasomaji wetu wasipite haraka hapa. Mwanamke huyu hakudai kwamba moyo wake ulikuwa na yakini siku ile. Ametuachia ushahidi kwamba ulimi wake uliomba jambo ambalo moyo wake haukuweza hata kulifikiria. Wala hakungoja mpaka atulie ndipo aombe. Tumewahi kusikia wajane na wazazi waliofiwa wakisema kwamba wanaona haya kusimama kwenye swala kwa kuwa wanachotamka na wanachohisi havifanani, na wanaogopa kuwa huo ni unafiki. Hadithi hii, iliyomo katika Sahihi Muslim, ni jibu lao. Dua yenye swali ndani yake ilipokewa. Yakini ya Ummu Salama ilikuja nyuma ya maneno yake, taratibu.

Akakaa eda yake. Ilipokwisha, Mtume (s.a.w.) akamposa. Naye hakukubali papo hapo: alitaja wivu wake, akataja watoto wake, na riwaya nyingine zinaongeza kuwa alitaja na umri wake. Kila udhuru ukajibiwa kwa upole. Wivu ataombewa uondoke, na watoto wake ni amana ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Hivyo akapewa aliye bora kuliko Abu Salama.

Kuna watu, aghalabu mashemeji na mawifi, wanaoichukua sehemu hii peke yake na kumtupia mjane ambaye hajamaliza hata miezi miwili, kana kwamba aliyekufa ni sahani iliyovunjika na dukani zipo nyingine. Kumposa mwenye eda waziwazi ni haramu. Isitoshe, badala iliyo bora katika dua ile haikuainishwa kuwa mume. Mwenyezi Mungu anajua amlipe mja kwa njia ipi. Kwa Ummu Salama mwenyewe, ukiyatazama maisha yake yaliyofuata, ndoa ilikuwa mlango tu wa yale aliyopewa.

Mwaka wa 6 Hijria, Mtume (s.a.w.) na Waislamu wapatao 1,400 walizuiwa Hudaibiya wasiingie Makka kufanya umra. Mkataba ulipoandikwa, nyoyo za Waislamu zilikuwa nzito kwa huzuni, na Mtume alipowaamuru wachinje wanyama wao na kunyoa, hakusimama hata mmoja, ingawa alirudia mara tatu. Akaingia hemani kwa Ummu Salama akamweleza. Naye akamshauri atoke bila kumsemesha mtu, achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake amnyoe. Akafanya hivyo, na watu wakainuka wote. Sisi tunaona kwamba mwanamke aliyeshauri vile aliijua huzuni kwa karibu. Alikuwa amekaa Abtah, alikuwa amefiwa ugenini. Alijua kwamba mtu aliyezidiwa na huzuni hasikii amri, ila akiona mwenzake anainuka, naye huinuka.

Na watoto je? Ummu Salama alimwuliza Mtume (s.a.w.) kama anapata ujira kwa anachowatumilia watoto wa Abu Salama, hali yeye hawezi kuwaacha kwa kuwa ni wanawe. Akajibiwa kuwa ana ujira kwa kila anachowatumilia. Mama aliyeachwa na watoto, auzaye maandazi alfajiri ili alipe karo, ajue kwamba swali lake limekwisha kuulizwa na jibu lake limekwisha kutolewa.

Zainabu binti Abi Salama alikuwa bado ananyonya mama yake alipoolewa na Mtume (s.a.w.). Alikuja kuwa miongoni mwa wanawake wajuzi wa fiqhi katika Madina, na ni kwa ulimi wake tumepokea katika Bukhari hadithi mashuhuri za maombolezo: kwamba si halali kwa mwanamke mwenye imani kumwombolezea maiti zaidi ya siku tatu, isipokuwa mume, ambaye ni miezi minne na siku kumi. Ameeleza pia yaliyokuwapo kabla ya Uislamu: mjane aliingia katika kijumba kibovu, akavaa nguo zake mbaya kabisa, asiguse manukato, hadi mwaka mzima upite. Yatima huyo ndiye aliyetufikishia namna Uislamu ulivyomtoa mjane katika kijumba kile.

Tunalisema hili kwa sababu vijumba hivyo tumevijenga upya. Katika baadhi ya nyumba zetu za mwambao, kizuka hukalishwa chumba cha giza, akakatazwa kujitazama kwenye kioo, asisemeshwe na mtoto wa kiume hata akiwa wa ndugu yake. Sheria imemtaka aache manukato, wanja na mapambo, na abaki katika nyumba yake, akiruhusiwa kutoka mchana kwa haja yake. Mwenye mimba, eda yake hukoma kwa kujifungua. Muda huu ni hifadhi. Hakuna wa kumharakisha kuolewa, na hakuna wa kumfukuza nyumbani.

Chakula nacho kimegeuzwa. Ja'far bin Abi Talib alipouawa Muuta mwaka wa 8 Hijria (Ja'far yule ambaye maneno yake mbele ya Najashi tumeyapata kwa masimulizi ya Ummu Salama), Mtume (s.a.w.) aliamuru watu wa Ja'far wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikiwa na la kuwashughulisha. Kwetu sisi aliyefiwa ndiye akopaye mchele kuwalisha waliokuja kumpa pole, na wapo wanaonuna pilau ikikosa nyama. Ubani wote huishia jikoni. Familia yenye busara ingeuweka ubani huo, ikampelekea mjane mwezi wa tatu, wakati hakuna tena anayebisha hodi.

La mali tulitaje kwa ufupi, ingawa linatoa machozi mengi kuliko kifo chenyewe. Kabla ya mirathi hulipwa deni, na mahari ambayo mume hakuimaliza ni deni. Baada ya deni na wasia, mjane ana thumni ikiwa marehemu ameacha mtoto, na robo ikiwa hakuacha, kama ilivyo katika Surat An-Nisaa aya ya 12. Aya ya 10 ya sura hiyo inawaonya walao mali za yatima kwa dhulma kwamba wanakula moto matumboni mwao. Shemeji anayebeba friji siku ya arobaini aisome kwanza.

Tulibakishe la mtoto wa kiume. Umar bin Abi Salama alilelewa mapajani mwa Mtume (s.a.w.). Alikuwa mtoto, na walipokuwa wakila mkono wake ulizunguka huku na huku ndani ya sinia. Mtume (s.a.w.) hakumpiga wala hakumfukuza chakulani. Alimfundisha ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wake wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Maneno hayo tunawafundisha watoto wetu kabla hawajajua kusoma, kila wanapokaa mkekani. Umar amesimulia kwamba tangu siku ile hiyo ndiyo iliyokuwa namna yake ya kula.