USALAMA NYUMBANI: Robine inapouma mkono

Ndugu mtumikaji, kazini huwashi pampu ambayo waya wake wa udongo umekatika. Shefu atakuzuia, na wewe mwenyewe unajua sababu. Lakini nyumbani Ariwara je? Bibi anafua chini ya robine, mtoto anachota maji bila viatu, na nyuma ya ukuta pampu ndogo inavuta umeme wa grupu. Siku moja bibi anasema: «Robine inaniuma mkono.» Usimcheke. Bomba limeingia umeme.

Limeingiaje? Waya ndani ya pampu umechunika, unagusa chuma. Chuma kinashikana na bomba, na bomba linapita jikoni, bafuni, pengine mpaka kwa jirani. Umeme hutafuta njia ya kurudi ulikotoka. Mwenye kushika robine huku amesimama kwenye udongo wenye maji, yeye ndiye njia. Taa ya zamani ya wati 60 inapitisha miliampea 270 hivi. Miliampea 30 zikikawia mwilini zinaweza kuziba pumzi na kuvuruga moyo. Fanya hesabu mwenyewe.

Dawa ya kwanza ni kufunga vyuma pamoja. Bomba la chuma, ganda la pampu na chuma cha grupu viungwe kwa waya wa shaba, wenye ganda la kijani na manjano, mpaka kwenye nondo iliyopigwa ndani ya udongo. Vyuma viwili unavyoweza kushika kwa wakati mmoja vikiwa na volti sawa, umeme hauna sababu ya kupita katika mwili wako.

Wengi huishia hapo, wakidhani nondo imemaliza kazi. Haijamaliza. Chukua nondo yenye ukinzani wa ohmu 50, na volti 220: zitapita ampea 4.4 tu. Fiuzi ya ampea 16 haitasikia kitu, na bomba litabaki na umeme usiku kucha. Wakati wa kiangazi, udongo ukikauka, nondo inazidi kuwa dhaifu. Kwa hiyo unahitaji pia dijonkteri ya diferansieli ya miliampea 30. Hiyo hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Ukipungua, inakata mara moja. Kwa nyumba ya grupu, mwambie fundi aunge waya wa nyutro na nondo mahali pamoja tu, kabla ya dijonkteri. Asipofanya hivyo, dijonkteri inaweza kukaa kimya siku ya hatari.

Tena, bomba la maji lisitumiwe badala ya nondo. Mabomba ya zamani yalikuwa chuma mpaka barabarani. Leo kipande kikioza, fundi anatia plastiki, na njia ya kwenda udongoni imekatika pale bila mtu kujua. Upande wa nyumba wote unabaki na umeme.

Kuna jambo la kwetu sisi wa mpakani. Vyombo vingi sokoni vinatoka Uganda na vina plagi ya miguu mitatu. Mguu mrefu ndio wa udongo. Watu huuchomeka katika adapta ya matundu mawili, au huukata kabisa. Wengine wana priza ya Uganda, wanatia kijiti katika tundu la juu ili plagi ya miguu miwili iingie. Kwa redio si neno kubwa. Kwa pasi, friji au pampu, umeondoa ulinzi wa udongo kwa mkono wako.

Robine ikiuma, zima grupu, kataza watu maji hayo, ita fundi. Mtu akinaswa, usimshike. Kata umeme kwanza. Kama huwezi, simama juu ya ubao mkavu, umsukume kwa mti mkavu. Akiwa hapumui, mlaze chali, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine anakimbilia hospitali. Usiache kubonyeza mpaka msaada ufike au apumue.