Kadi ya Dukani Yenye Zawadi: Tuhesabu Gharama Kwanza



Kutoka Kikatiti hadi madukani Arusha mjini, na hata ndani ya simu zetu, kila siku tunakaribishwa kununua sasa, kulipa baadaye na kupata zawadi juu yake. Kabla ya kuitikia mwaliko huo, yafaa tuelewe tunachopokea.

Kadi zisizofanana

Kadi ya pointi huandika tu kiasi ulichonunua, ili baadaye upewe punguzo. Kadi ya kawaida ya benki hutoa fedha yako mwenyewe. Kadi ya mkopo hutoa fedha ya mkopeshaji, nawe unabaki na deni. Katika nchi kama Marekani, maduka makubwa hushirikiana na benki kutoa kadi yenye jina la duka, inayounganisha mkopo na pointi. Ndugu zetu walioko huko wanazifahamu.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Tunalijua katika daftari la madeni dukani kwa Mangi. Lakini Mangi anakufahamu, na akiona deni limezidi uwezo wako hukukatalia. Kadi haikufahamu. Tena, deni linapochelewa ndipo mwenye kadi anapopata faida.

Hesabu yake

Tuseme umenunua bidhaa za shilingi 200,000, na kila shilingi 100 inakupatia pointi yenye thamani ya shilingi 1. Zawadi yako ni shilingi 2,000. Ukilipa deni lote kabla ya siku ya mwisho, na kama hakuna ada, umepata faida. Usipolipa, tuchukue riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo ndiyo ukomo uliowekwa na Benki Kuu ya Tanzania kwa wakopeshaji wadogo wa daraja la pili. Mwezi mmoja ni shilingi 7,000. Miezi sita ni shilingi 42,000. Zawadi ya 2,000 imemezwa mara ishirini na moja, na ada ya shule ya mtoto imeguswa.

Pointi nazo si akiba. Mwaka 2014 Nakumatt ya Kenya, iliyokuwa na kadi ya pointi kwa wateja wake, ilichukua duka la Shoprite Arusha. Kampuni hiyo ilielemewa na madeni, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Pointi ni ahadi ya duka; duka likifa, ahadi nayo hufa.

Kanisa linafundisha nini?

Kanisa halikatazi kukopa. Mwaka 1462, huko Perugia nchini Italia, Wafransisko walihimiza kuanzishwa kwa mfuko wa kuwakopesha maskini kwa masharti nafuu, ili waepuke wakopeshaji wanyonyaji. Linachokemea ni riba inayomkandamiza mhitaji: Katekisimu (namba 2269) inaliweka jambo hili chini ya amri ya tano, Usiue. Naye Bwana (Lk 14:28) anatukumbusha kwamba mwenye busara huketi kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara.

Mambo ya kuzingatia

1. Uliza riba, ada na siku ya mwisho ya kulipa. Usitie sahihi kabla ya kujibiwa.
2. Nunua ulichokusudia kununua hata kama pointi zisingekuwepo.
3. Hakikisha mkopeshaji ana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni.
4. Mume na mke waamue pamoja. Deni la siri huvunja uaminifu wa ndoa.

Aliyekwisha kulemewa asikope kwingine ili kulipa deni la kwanza. Aende mapema kwa mkopeshaji kuomba mpango mpya wa malipo, na asione aibu kuwaeleza wenzake wa Jumuiya Ndogo Ndogo au paroko wake. Kuchukuliana mizigo ni sehemu ya wito wetu wa Kikristo.